Buli la Tokoname: Vipande Vitano, Udongo Mmoja

Treni ya Meitetsu inayotoka Nagoya kwenda uwanja wa ndege wa Chubu hujaa masanduku ya wasafiri. Wengi wao huutazama mji wa Tokoname kupitia dirishani kwa muda mfupi tu, kisha treni huvuka bahari na kuingia kisiwa kilichojengwa na binadamu, ambako uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2005. Anayeshuka stesheni ya Tokoname, vituo viwili kabla ya mwisho wa reli, anaingia mji ambao umekuwa ukifinyanga udongo kwa karibu miaka 900.

Mimi nilishuka kwa ajili ya buli. Nililifuata lile dogo jekundu, lisilopakwa rangi wala kitu chochote cha kuling'arisha, lenye mpini mmoja mnyoofu uliochomoza ubavuni, ambalo Wajapani huliita kyusu. Nilitaka kuona linavyotengenezwa kwa mkono tangu udongo hadi kikombe cha kwanza cha chai, na kuushika udongo huo mwenyewe katika karakana ya mfinyanzi aliyekubali kupokea wageni.

Kabla ya karakana, mji wenyewe unastahili miguu ya msafiri. Kutoka stesheni, ukuta wa barabara umepambwa kwa paka wa udongo walioinua mguu mmoja wa mbele, kila mmoja kazi ya msanii wake. Ni wale paka wa kuita bahati wanaowekwa milangoni mwa maduka Japani nzima, na Tokoname ni kitovu cha utengenezaji wao. Juu ya ukuta, kichwa cha paka mmoja mkubwa, chenye kimo cha mita 3.8, kinachungulia magari yanayopita chini. Watoto huomba kupigwa picha hapo. Kisha njia ya miguu, inayoanzia ukumbi wa vyombo vya udongo, inapanda na kupinda katikati ya nyumba za mbao zenye kuta nyeusi. Mzunguko mfupi wa njia hiyo ni kilomita 1.6, lakini si wa kutembewa kwa haraka.

Pale Dokanzaka, mteremko unaojulikana kuliko yote, ukuta wa upande mmoja umejengwa kwa mabomba ya udongo ya enzi ya Meiji, na wa upande wa pili kwa mitungi ya pombe ya shochu ya mwanzoni mwa enzi ya Showa. Chini, njia imesakafiwa kwa vipande vya udongo uliochomwa vilivyobaki kiwandani, ili mguu usiteleze mvua inaponyesha. Vitu vilivyotengenezwa kubebea maji na pombe sasa vinazuia kilima kisiporomoke, na vimefanya hivyo kwa miongo mingi.

Tokoname ni mmoja wa miji sita ya kale ya ufinyanzi nchini Japani. Mingine ni Seto, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen, na mwaka 2017 serikali iliitambua yote sita kwa pamoja kuwa Urithi wa Japani. Kuanzia karne ya 12, mitungi mikubwa ya Tokoname ilipakiwa mashuani na kusambazwa katika pwani ya nchi. Vigae vyake vimefukuliwa hata Hiraizumi, mbali sana kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Mitungi hiyo haikufinyangwa kwa gurudumu, maana ilikuwa mikubwa mno. Mfinyanzi alibeba msokoto mnene wa udongo begani, akazunguka mtungi kinyumenyume huku akiongeza duara juu ya duara, mpaka mtungi ukamfika kifuani.

Zama zilipobadilika, mji ulibadilisha bidhaa. Katika miaka ya 1870 mhandisi kutoka Scotland, Richard Henry Brunton, alihitaji mabomba ya majitaka kwa makazi ya wageni bandarini Yokohama, na mfinyanzi wa Tokoname, Koie Hoju, akayatengeneza kwa udongo. Kutokana na kazi hiyo mji ukawa mtengenezaji mkubwa wa mabomba. Baadaye zikaja tofali za rangi ya manjano za Hoteli ya Imperial ya Tokyo, iliyochorwa na Frank Lloyd Wright na kufunguliwa mwaka 1923. Tofali hizo zilichomwa hapa hapa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya Ina Seito, iliyokuja kujulikana kama INAX, na vigae pamoja na vyoo vyake vikaenea nchi nzima.

Alama kubwa ya enzi hiyo ya viwanda bado imesimama. Ni tanuri la Toei, lililojengwa mwaka 1887 likipanda mteremko wa nyuzi 17, lenye vyumba 8 vilivyofuatana kwenda juu na mabomba 10 ya moshi yaliyopangwa safu moja kwa urefu tofauti. Moto uliwashwa chini, na joto la chumba kimoja likapanda kwenda kukitayarisha kinachofuata. Tanuri hilo lilizimwa mwaka 1974, na mwaka 1982 serikali ikaliweka chini ya ulinzi wa sheria. Mgeni anaruhusiwa kuingia ndani ya chumba kimoja. Tofali za kuta zimefunikwa na ngozi ya kioo iliyotokana na majivu yaliyoyeyuka moto baada ya moto, na mwanga mdogo wa mlangoni unatosha kuifanya ing'ae.

Mtungi, bomba, tofali, choo: katika ukoo huo wa vitu vizito, buli la kushikwa kwa mkono mmoja lilizaliwaje?

Lilingoja chai ya majani. Kwa karne nyingi chai iliyoheshimiwa zaidi Japani ilikuwa ya unga, iliyokorogwa kwa ufagio mdogo wa mwanzi ndani ya bakuli, na chai ya namna hiyo haina haja ya buli. Mwaka 1654 mtawa wa Kichina Yinyuan Longqi, ambaye Wajapani humwita Ingen, alifika nchini akiwa na desturi ya kuloweka majani katika maji ya moto. Mwaka 1738 mkulima Nagatani Soen wa eneo la Uji akakamilisha njia ya kuyapika majani mabichi kwa mvuke, kuyaviringisha na kuyakausha, na ndipo ikapatikana sencha ya kijani kibichi yenye harufu ya shamba. Mtawa mzee aliyejulikana kwa jina la Baisao aliiuza sencha katika barabara za Kyoto, na wasomi na wachoraji wakamfuata. Wapenzi hao wa chai walitaka chombo kidogo cha kulowekea majani machache kwa muda mfupi, na walivutiwa sana na mabuli ya Yixing, mji wa China wenye udongo wa zambarau na mwekundu.

Udongo wa Tokoname pia una chuma kingi. Mwaka 1854, kwa kuhimizwa na tabibu mmoja wa mjini, mfinyanzi Sugie Jumon alifanikiwa kutengeneza buli la udongo mwekundu lililoweza kusimama kando ya yale ya China. Hakuridhika. Mwaka 1878 familia ya Koie ilimwalika kutoka China bwana Jin Shiheng, aliyezijua mbinu za Yixing, naye akawafundisha Jumon na wenzake namna ya kupiga udongo uwe bapa mwembamba, kuukunja na kuuunganisha kuwa tumbo la buli bila gurudumu. Wafinyanzi wa Tokoname walijifunza kwa bidii, wakachukua umbo, unadhifu na uchongaji wa maandishi, lakini wengi wao wakabaki na gurudumu lao. Kwa hiyo kyusu la Tokoname lina jicho la China na mkono wa Japani, na hali hiyo inaonekana mpaka leo kwenye meza ya kazi.

Karakana niliyokaribishwa iko kwenye uchochoro nyuma ya njia kuu. Ni chumba kirefu chenye rafu za mbao pande zote, na juu ya rafu kuna matumbo ya mabuli yasiyo na midomo, midomo isiyo na matumbo, vifuniko vilivyolala chali na mipini iliyosimama wima. Nilimwita mwenyeji wangu Sensei, kama wanafunzi wake wanavyomwita, naye akanionyesha kwa mkono kiti cha karibu na gurudumu lake.

Alianza na udongo. Rasi ya Chita, ambako mji huu uko, imelala juu ya matope yaliyotua kwenye sakafu ya ziwa la kale mamilioni ya miaka iliyopita. Udongo wake ni laini, na huiva ukashikamana katika joto lisilokuwa kali sana, ndiyo maana chombo chake huweza kuzuia maji bila kupakwa chochote. Kwa kazi ya buli huyeyushwa majini, ukachujwa, mchanga ukaachwa utue, na kinachobaki juu ndicho hukaushwa mpaka kikandike. Karakana nyingi siku hizi hununua udongo ulio tayari, na wauzaji huongeza unga wa oksaidi ya chuma ili wekundu ukolee. Niliposugua donge kati ya vidole sikuhisi chembe hata moja.

Kisha kukanda. Mfinyanzi huusukuma udongo kwa kiganja na kuuzungusha kidogo kila msukumo, mikunjo ikajipanga mviringo kama petali za ua la krisantemo, na hapo ndipo mtindo huo ulipopata jina lake. Lengo ni kutoa hewa. Kiputo kidogo kilichobaki ndani ya ukuta mwembamba hulifanya tumbo liyumbe kwenye gurudumu. Wafinyanzi wa Japani husema kukanda ni miaka mitatu na gurudumu ni miaka kumi, na Sensei aliporudia usemi huo alikuwa ameinama juu ya donge lake, mabega yakienda na kurudi kwa mwendo ule ule usiobadilika.

Gurudumu la Kijapani kwa kawaida huzunguka kama mishale ya saa. Sensei hakuweka kipande kidogo cha kutosha buli moja tu. Aliweka mlima mzima wa udongo, akaufanya usimame imara katikati, akafinyanga kilele chake pekee. Likatoka tumbo. Alilipima kwa msalaba mdogo wa vijiti vya mwanzi, ambao mkono wake mmoja huonyesha kina na mwingine upana, akapitisha uzi chini yake, akalikata na kuliinua kwa vidole viwili. Kilele kilichofuata kikawa kifuniko, kilichofinyangwa kikiwa kimepinduliwa. Kingine kikawa mdomo, mrija mfupi mpana chini na mwembamba juu. Kingine tena kikawa mpini, mtupu ndani, ulio wazi upande wa nje. Mwisho kikatoka kikombe kidogo chembamba kuliko ganda la yai, ambacho kingekuwa kichujio.

Vipande vitano kutoka mlima mmoja. Nilipoketi kwenye gurudumu baada yake na kufinyanga tumbo na kifuniko kwa mwongozo wake, nilielewa kwa nini mlima ni mmoja. Udongo hunywea unapokauka, na hunywea tena motoni. Kama mdomo umetoka kwenye donge lenye maji mengi na tumbo limetoka kwenye donge kavu, kila kimoja kitanywea kwa kiasi chake na ufa utatokea pale vinapokutana. Kwa hiyo fundi wa buli hutumia sehemu kubwa ya siku yake kuangalia unyevu: hufunika hiki kwa plastiki, hukifunua kile, huvigeuza vipande juu ya rafu, huvigusa kwa kidole, hungoja vyote vifikie ukavu wa aina moja. Kazi ya gurudumu humchukua dakika chache kwa kila kipande. Kungoja na kulinganisha huchukua siku.

Vipande vilipokauka nusu, vikatosha kushikika bila kubonyea, vilirudi kwenye gurudumu ili kukwanguliwa. Kwa kisu cha chuma kilichopindwa ncha, Sensei aliondoa udongo wa ziada chini ya tumbo mpaka ukuta ukabaki wa milimita chache tu. Nyuzi ndefu za udongo zilimwagika mapajani mwake. Wembamba huo haukusudiwi kupendeza tu: buli zito likijazwa maji huchosha kiganja, na udongo mnene hunyonya joto jingi kutoka kwa maji ambayo tayari si ya moto sana.

Halafu kichujio. Kile kikombe chembamba hutobolewa kwa sindano yenye bomba jembamba, tundu moja moja, mpaka matundu yafike mamia. Kila tundu huacha kijiukingo cha udongo kwa ndani, na hicho husafishwa baadaye kwa brashi, maana jani la chai hupenda kunasa hapo. Ukuta wa tumbo hukatwa nafasi, kichujio kikabandikwa kwa tope la udongo ule ule, na juu yake ukawekwa mdomo. Baada ya hapo hakuna atakayekiona kichujio vizuri tena, isipokuwa anayelisafisha buli. Hata hivyo nilimtazama Sensei akikifanyia kazi kwa muda mrefu kuliko alivyotumia kwenye sehemu ya nje inayoonekana na wote. Chai ya Kenya, ambayo nyingi husagwa kuwa chembe ndogo za kutoa rangi upesi, ingeyaziba au kuyapenya matundu haya. Sencha ni jani lililoviringishwa, hujikunjua likipata maji, na kichujio kipana cha udongo hulipa nafasi ya kufunguka huku kikiliacha nyuma wakati wa kumimina.

Mdomo una sheria zake. Ncha yake isiwe chini ya ukingo wa tumbo, la sivyo maji yatamwagika mezani buli likijazwa. Ukingo wa ncha uwe mkali, tena ukunjike kidogo, ili maji yakatike mara tu mkono unapoinuka. Tatizo la tone linalorudi na kuteremka chini ya mdomo limewashughulisha hata wanafizikia: Markus Reiner aliandika juu yake mwaka 1956, na watafiti wamekuwa wakilirudia hadi miaka ya karibuni, wakieleza namna maji yanayotoka polepole yanavyong'ang'ania ukingo. Sensei hulitatua kwa kipande cha ngozi iliyoloweshwa. Hukipitisha kwenye ncha ya mdomo mara mbili tatu, huutazama kwa pembeni, hukipitisha tena.

Mpini ndio ulionifanya nilipende buli hili tangu mwanzo. Hubandikwa ubavuni, karibu pembe mraba na mdomo, mara nyingi pembe ikipungua kidogo, na huinuliwa juu kiasi. Anayelishika kwa mkono wa kulia huuzungushia vidole vinne, kidole gumba kikafika juu ya kifuniko na kukikandamiza. Kuanzia hapo mkono hauna haja ya kuinuka wala kiwiko kutoka ubavuni. Kifundo cha mkono hugeuka tu, na chai ikateremka. Hewa iliyo ndani ya mpini mtupu huzuia joto lisifike kiganjani. Mabuli ya watu wa mkono wa kushoto hutengenezwa kwa kuuhamishia mpini upande wa pili. Sensei hupima uzito kabla ya kubandika: huushikiza mpini mahali pake, hufumba macho, hugeuza kifundo chake kana kwamba anamimina, huusogeza kwa upana wa ukucha, ndipo huweka tope.

Buli lililokamilika hukaushwa taratibu, likifunikwa, kwa sababu mpini na mdomo hutaka kukauka kabla ya tumbo. Kisha hung'arishwa kwa kusuguliwa mpaka ngozi yake ilainike. Wengine huchonga maandishi au mandhari ubavuni. Wengine hulizungushia mwani, mtindo wa zamani mjini hapa: chumvi ya mwani huyeyuka motoni na kuacha michirizi ya kahawia inayofuata umbo la kila jani. Hakuna mabuli mawili yanayopata michirizi inayofanana.

Tanuri la siku hizi ni la umeme au gesi. Buli huingia likiwa na kifuniko chake juu, ili kama moto utalipinda kidogo basi kifuniko kipinde nalo. Joto hufika nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, hewa ikiruhusiwa kuingia, na chuma kilichomo kwenye udongo huungana na oksijeni na kutoa wekundu. Mwenye kutaka jeusi hulichoma buli mara ya pili likiwa limefukiwa katika pumba za mpunga ndani ya chombo kilichozibwa. Pumba zikiungua hula oksijeni yote, moshi hupenya udongo, na wekundu hugeuka weusi mpaka ndani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ameshayaona matokeo ya kanuni hiyo mahali pengine. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejulikana duniani kwa vyungu visivyopakwa kioo, vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa, ambavyo huchomwa kwanza katika moto wenye hewa na kuwa vyekundu, kisha vingine huchomwa tena katika moto ulionyimwa hewa na kuwa vyeusi. Mafunzo yake yana uzi mmoja unaofika Japani. Katika miaka ya 1970 alikwenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, alikofanya kazi na Ladi Kwali na wanawake wenzake waliofinyanga kwa mikono kwa mbinu za kwao. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew, mwanafunzi wa Bernard Leach, na Leach alijifunza ufinyanzi Japani kabla ya kufungua karakana yake St Ives mwaka 1920 akiwa na rafiki yake Hamada Shoji. Mbinu za Odundo mwenyewe zina asili nyingi, za Kiafrika kabla ya nyingine zote, lakini kuona weusi ule ule ukitoka katika pumba za mpunga wa Chita kulinipa furaha ya kukutana na ndugu ugenini.

Kazi ya mwisho hufanywa baada ya moto, na ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kifuniko kilichotoka tanurini kinakaa mahali pake, lakini hakijashikamana. Sensei alipaka unga mgumu wa kusagia uliochanganywa na maji kwenye ukingo, akakizungusha kifuniko mbele na nyuma, udongo ukisaga udongo, mlio wa kukwaruza ukipungua kidogo kidogo mpaka ukawa mnong'ono. Aliosha, akajaza maji, akamimina. Mkondo ulitoka mwembamba, wa mviringo, usiotapanyika. Kisha akaweka kidole juu ya kitundu cha hewa cha kifuniko, na maji yakakatika papo hapo. Aliinua kidole, yakatiririka. Hewa haikuwa na njia nyingine ya kuingia. Kifuniko hicho sasa ni cha buli hilo peke yake. Hakuna kingine katika karakana nzima kitakachoenea hapo.

Chai tuliyokunywa ilikuwa sencha. Maji yaliyochemka yalimiminwa kwanza vikombeni ili yapoe hadi nyuzi 70 au 80, ndipo yakarudi juu ya majani kwa takriban dakika moja. Sensei alimimina kidogo kidogo kwa zamu katika kila kikombe, akarudi nyuma kwa mpangilio uliogeuzwa, ili cha kwanza na cha mwisho viwe na ukali sawa, na akalikung'uta buli mpaka tone la mwisho, linalosifiwa kuwa ndilo tamu kuliko yote. Wanywaji wengi wa Japani huamini kwamba udongo wenye chuma, usiopakwa kioo, hupunguza uchungu wa chai. Mimi nilipata utamu mzito wa kijani, kama mchuzi wa mboga changa, na uchungu mdogo uliofika baadaye.

Sanaa hii ilipata heshima ya juu kabisa mwaka 1998, serikali ilipomtambua Yamada Jozan wa tatu kuwa Hazina Hai ya Taifa kwa ajili ya mabuli ya Tokoname. Alizaliwa mwaka 1924 katika ukoo wa watengeneza mabuli na akafariki mwaka 2005, na mji una makumbusho ya ufinyanzi ambamo mgeni anaweza kujifunza historia yote ya udongo huu. Vyombo vya Tokoname kwa ujumla vilitangazwa kuwa sanaa ya jadi ya taifa tangu mwaka 1976.

Heshima pekee haiuzi mabuli. Wajapani wengi leo hunywa chai ya kijani kutoka chupa za plastiki, na kuna nyumba zisizo na buli kabisa. Mabuli mengi ya bei nafuu hutengenezwa kwa kumiminia tope la udongo kwenye kalibu, yakatiwa wavu wa chuma badala ya kichujio cha udongo. Yanafanya kazi, na familia nyingi zinayahitaji. Lakini kalibu haiwezi kufumba macho na kupima uzito wa mpini, na wavu wa chuma hauombi mtu aketi na sindano akitoboa mamia ya matundu. Kwa bahati njema, wapenzi wa chai kutoka nchi nyingine wameanza kuyatafuta mabuli ya mkono, na katika uchochoro huu niliona vijana wakiwa wamekaa kwenye magurudumu kando ya wazee wao.

Atakayefika Tokoname na kutaka kununua, aanzie maduka yaliyo kando ya njia ya wafinyanzi, aombe kulishika buli kabla ya kuuliza bei. Alishike kwa mkono mmoja, kidole gumba juu ya kifuniko, ageuze kifundo. Afunue na kutazama kichujio kilivyotobolewa. Akizungushe kifuniko kidogo asikie kama kinateleza au kinagonga. Aombe maji, muuzaji anayeijua bidhaa yake atafurahi kuleta. Akishalinunua, asilioshe kwa sabuni, maana udongo usiopakwa kioo hushika harufu. Maji ya moto yanatosha, kisha liachwe wazi likauke. Na alipindue atazame chini, au chini ya mpini, kwenye muhuri wa aliyelitengeneza. Amwulize muuzaji jina hilo ni la nani na karakana yake iko wapi. Mara nyingi ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na wengi wao hufungua mlango.